Kuvua trauti Ziwa Ellis

SWALI: Naishi Embu. Nataka kwenda kuvua trauti Ziwa Ellis, Mlima Kenya. Je, gari litafika, na kibali napata wapi?

JIBU: Pitia mji wa Chogoria. Kutoka mjini hadi lango la hifadhi ni barabara ya msituni, na mvua ikinyesha udongo wake huteleza vibaya. Usiende bila gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne. Januari na Februari, au Julai hadi Septemba, ndiyo miezi ya kutegemea.

Ziwa limo ndani ya hifadhi ya taifa, kwa hiyo ada hulipwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS) kwa mtandao, si taslimu. Waulize pia kuhusu leseni ya uvuvi kabla ya kufunga safari, maana kiingilio pekee hakikuruhusu kuvua.

Trauti si samaki wa asili wa Kenya. Aliletwa enzi za ukoloni. Hupenda maji baridi yenye hewa nyingi. Tumia ndoana ya nzi bandia, ukiirusha taratibu kando ya majani ya ukingoni, hasa alfajiri.

Lakini muhimu kuliko yote ni afya yako. Ziwa liko juu ya mita 3,400. Lala usiku mmoja karibu na lango kwanza ili mwili uzoee mwinuko huo, na kichwa kikiuma sana au ukianza kutapika, shuka mara moja.