SOMO: UWANJA WA MBELE YA NYUMBA NA NJIA YA MAJI

Huku Kigoma mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei. Kila mwaka nyumba za matofali mabichi huanguka miezi hiyo. Watu husema ni upepo, lakini ukitazama vizuri utaona kwamba mara nyingi ukuta umeoza chini kwanza. Kwa hiyo somo letu leo si maua. Maua yatakuja baadaye.

Mvua ikinyesha, simama mlangoni utazame. Maji yanatoka wapi? Yanapita wapi? Yanalala wapi? Kama mvua bado, mwaga ndoo ya maji uliyofulia uone yanakokimbilia. Yakirudi ukutani, ardhi yako imelala vibaya. Shindilia udongo kuzunguka nyumba, uwe juu ukutani na kushuka kuelekea nje. Kila hatua moja ishuke kama upana wa kiganja.

Maji ya paa nayo yana nguvu. Yakidondoka kwenye udongo mtupu huruka na matope na kula ukuta. Panga vipande vya matofali ya kuchoma au kokoto mahali yanapodondokea. Mtaro wenyewe uchimbwe mbele zaidi, si chini ya ukuta. Upana wa jembe moja unatosha. Palipo na mteremko mkali weka mawe ndani ya mtaro kila baada ya hatua chache ili maji yasikimbie, maana mtaro usio na mawe utakuwa korongo kabla ya Krismasi.

Hapa nikiri kosa langu. Mwaka wa kwanza nilichimba mtaro mzuri sana, nikajisifu. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi mama jirani akaja na sufuria limejaa matope, akaniambia, "Mwanangu, maji yako yamelala jikoni kwangu." Nilimwomba radhi, nikachimba upya, safari hii yeye akinionyesha pa kupita. Basi kabla ya kushika jembe, mwendee jirani wa chini. Mitaro ya nyumba tatu au nne iungane hadi mtaro mkubwa wa barabara. Mtaro unaoishia kwa mwenzako ni ugomvi uliouchimba kwa mikono yako.

Sasa kuhusu ufagio. Sisi tumelelewa kuamini kwamba uwanja safi ni uwanja usio na jani hata moja. Mama zetu wana sababu: nyoka huonekana mapema. Lakini kila asubuhi ufagio huondoa udongo kidogo, na baada ya miaka miwili mitatu mizizi na msingi vinabaki wazi. Mimi nashauri hivi: fagia njia ya mlangoni na mahali watoto wanapocheza. Upande wa mteremko acha ukoka uote, uukate mfupi. Kando ya mtaro panda mchaichai kwa mstari, shina karibu na shina. Mizizi yake hushika udongo, na majani utatilia kwenye chai. Kuna wazee watakaosema umekuwa mvivu. Waonyeshe ukuta wako mwezi wa Aprili.

Mwisho wa mtaro panda mgomba, unywe maji hayo. Lengalenga na matembele yakae mahali palipoinuka kidogo. Maji ya kuoshea vyombo yanafaa kwa mgomba, ila yenye sabuni nyingi au jiki usiyamwagie mboga. Usipande kitu kirefu kikagusa ukuta, kwa sababu ukuta usiopata jua haukauki.

Jambo zito ni yale mashimo tuliyochimba udongo wa matofali tukayaacha. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji yasiyofika hata magotini. Tena mbu wa malaria hutaga kwenye maji yaliyotuama, na katika joto wiki moja hadi mbili hutosha yai kuwa mbu anayeruka. Kuweka chandarua ndani huku shimo liko mlangoni ni kufuga mbu na kumkimbia. Jaza shimo kwa udongo unaotoa kwenye mtaro, ushindilie. Kama ni kubwa kuliko nguvu zako, liwekee uzio wa miti na miiba leo, kisha waite majirani siku moja mlijaze pamoja. Shimo la vijana sita ni kazi ya asubuhi moja tu.

Kazi ya kufanya kabla ya somo lijalo: kila nyumba ichore uwanja wake chini kwa kijiti, ionyeshe maji yanapoingia na yanapotokea. Watoto wa shule wasaidie kuchora. Halafu nyumba mbili zinazopakana zilinganishe michoro yao.