Siku ya Kupumzika katika Safari Ndefu ya Baiskeli

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Ndugu wanafunzi wenzangu, wengi wetu tulijua kupanda baiskeli kabla ya kujua kusoma, kwa hiyo mtu akitaka kutufundisha habari za baiskeli twamcheka. Mimi nami nilikuwa hivyo. Lakini katika likizo ya Juni nilisafiri kwa baiskeli kutoka Moshi hata Tanga, mwendo wa kilomita 350 hivi, pamoja na wanafunzi wawili na mjomba wangu ambaye ni fundi baiskeli. Katika safari hiyo palikuwa na siku moja ambayo hatukwenda popote, na habari ya siku hiyo ndiyo nitakayo kuwaeleza, maana ndani yake mna Baiolojia na Fizikia tunazozisoma darasani pasipo kuzifikiri.

Tuliondoka Moshi Jumatatu alfajiri. Mpango wa mjomba ulikuwa tulale Same, Jumanne tulale Mombo, Jumatano tupumzike hapo Mombo, kisha Alhamisi na Ijumaa tumalize safari kwa kupita Korogwe na Muheza. Baiskeli zetu zilikuwa zile za kawaida zisizo na gia, na kila mmoja alifunga mzigo wake kwenye karia.

Sasa sikilizeni habari ya upepo. Barabara ya kutoka Moshi mpaka Mombo huelekea kusini-mashariki, na mwezi wa Juni ni wakati wa kusi, upepo utokao upande huo huo. Kwa hiyo tuliupokea usoni siku mbili mfululizo, na katika uwanda wa Same hapana kilima wala msitu wa kuuzuia. Ukienda kilomita 15 kwa saa, na upepo nao ukakujia kwa kilomita 15 kwa saa, mwili wako hupambana na hewa iendayo kilomita 30 kwa saa. Mwendo wa hewa umekuwa mara 2, lakini nguvu inayokusukuma nyuma imekuwa mara 4, kwa kuwa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Kanuni hiyo niliijibu vizuri katika mtihani wa Kidato cha Tatu. Makanya ndipo nilipoielewa.

Tulifika Mombo Jumanne baada ya magharibi. Nikampigia baba simu. Yeye ni baharia katika jahazi la mizigo liendalo Pemba, na tangu Januari nilikuwa sijamwona. Akaniambia kwamba safari yao imesogezwa mbele, watang'oa nanga Ijumaa alfajiri. Nikahesabu upesi: tukiondoka Jumatano tutafika Tanga Alhamisi jioni, nami nitalala nyumba moja na baba, tukipumzika tutafika Ijumaa jioni, naye yuko baharini.

Nikamwendea mjomba nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mpwa wangu, baba yako ni shemeji yangu, hata mimi nilitaka kumwona. Haya, ilete baiskeli yako hapa kwenye taa." Akalizungusha gurudumu la nyuma. Spoku mbili zilikuwa zimekatika upande wa mnyororo, na rimu ilikuwa ikiyumba mpaka kugusa breki. Nikasema kazi hiyo ni ya saa moja tu. Akaniuliza, "Na mwenzako huyu, umemwuliza amekojoa mara ngapi tangu asubuhi?" Nikamwuliza. Akajibu kwa haya kwamba ni mara moja tu, na mkojo ulikuwa na rangi kama ya chai kavu. Basi mjomba akasema hatuondoki. Nililala nimekasirika, wala sikumwitikia aliponitakia usiku mwema, jambo ambalo ninalionea aibu mpaka leo.

Kwa nini usiku mmoja hautoshi? Chakula cha wanga tunachokula hugeuzwa kuwa glukosi, na ile ya ziada huwekwa akiba ndani ya misuli na ini, nayo huitwa glaikojeni. Akiba yote ya mtu mzima ni kama gramu 500, na sehemu kubwa imo ndani ya misuli. Tena msuli hauwezi kuuazima msuli mwingine: akiba iliyomo mkononi haiwezi kuusaidia mguu uliokwisha yake. Siku mbili za kukanyaga dhidi ya upepo huila karibu yote, na kuijaza tena huhitaji siku nzima ya kula wanga kwa wingi, pengine zaidi. Kadhalika wengi husema kwamba maumivu ya miguu ya kesho yake huletwa na asidi ya laktiki. Sivyo. Asidi hiyo huondoka katika misuli kwa muda wa saa moja hivi; maumivu ya kesho hutokana na nyuzi za misuli zilizochanika kidogo kidogo, nazo hujiunga wakati wa kupumzika, siyo wakati wa kazi.

Lakini msidhani kupumzika ni kulala kutwa. Mjomba alituamsha saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida. Tukanywa uji wa sukari, kisha akatupandisha baiskeli bila mizigo, polepole, nusu saa tu, ili damu itembee miguuni. Baada ya hapo tulikula kila baada ya saa mbili au tatu: ndizi, wali na maharage, chapati na chai. Yule mwenzetu wa chai kavu alipewa chupa ya maji yenye chumvi kidogo na sukari, akaambiwa asiiweke chini mpaka mkojo uwe mweupe. Ilipofika saa nane alitutangazia habari njema hiyo mbele ya mama ntilie, tukacheka sana. Tulifua kaptura zetu vizuri, maana chumvi ya jasho ikikauka katika nguo hukwaruza ngozi ya mahali pa kukalia, na hakuna mwanafunzi atakayependa kuniuliza nilijuaje.

Mwenzetu wa tatu aliona milima ya Usambara i karibu, akataka kupanda baiskeli mpaka Lushoto akatazame, kisha arudi. Mjomba alimkatalia. Akanuna, akalala mpaka saa kumi bila kula, na Alhamisi yeye ndiye aliyelia miguu mizito kuliko sote.

Mchana tulizipindua baiskeli juu chini. Tulichomoa miba ya migunga iliyokuwa imeingia katika tairi lakini haijafika kwenye tyubu. Mmoja ulikuwa umebakiza unene wa karatasi. Mjomba alitia spoku mpya, akawa akizipiga kwa kidole mojamoja na kusikiliza sauti zake kama mpiga zeze, akikaza hii na kulegeza ile.

Hata mashujaa wa mchezo huu hufanya hivyo. Tour de France ya kwanza ilikuwa mwaka 1903. Ilikuwa na hatua 6 tu, jumla kilomita 2,428, na hatua ya kwanza peke yake, kutoka Paris hata Lyon, ilikuwa kilomita 467. Baina ya hatua nyingi paliwekwa siku za kupumzika, na hata hivyo kati ya watu 60 walioanza ni 21 tu waliomaliza. Siku hizi hatua ni 21, na siku za kupumzika kwa kawaida ni 2. Waendeshaji hao, kama sisi Mombo, hutoka na baiskeli zao saa moja au mbili, polepole, kisha hurudi kula.

Alhamisi tulilala Muheza. Gurudumu langu lilikwenda bila kuyumba. Muheza tulinunua machungwa, tukala mpaka tukashindwa, na Ijumaa jioni tukaingia Tanga sote wanne wazima. Baba alikuwa ameondoka alfajiri. Alitarajiwa kurejea Jumatano, nasi ilitubidi kupanda basi Jumanne, kwa kuwa mjomba alikuwa na karakana ya kufungua. Jirani alinipa mfuko alioniachia baba. Ndani mlikuwa na machungwa ya Muheza.