Kimya Si Jibu

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha mwaka jana, nilimpa mwanafunzi wa Kidato cha Pili alama 10 asizostahili. Kosa halikuwa la kalamu. Lilikuwa la programu niliyoiandika mwenyewe.

Shule ilikuwa na laptopu 6 na ruta moja, intaneti hakuna. Nikaona niziunganishe bila seva, kila mashine iombe kazi kwa wenzake na yenyewe iombwe. Mashine yangu ikitaka kuongeza alama kwenye mashine ya kundi fulani, inaita fanksheni ya kule kana kwamba iko humu ndani.

Wazo hili si la juzi. Birrell na Nelson, watafiti wa Xerox PARC, waliliandikia makala mwaka 1984. Kijiprogramu cha upande wako kinafunga jina la fanksheni na vigezo vyake ndani ya ujumbe. Cha upande wa pili kinaufungua, kinaita fanksheni yenyewe, kisha kinarudisha jibu. Wewe umeandika mstari mmoja tu. Raha sana!

Ila mstari huo unadanganya. Fanksheni ya humu ndani inafanikiwa au inagoma, basi. Ya mbali ina jambo la tatu: kimya. Labda ombi limepotea njiani. Labda mwenzio betri imeisha. Au kazi imefanyika vizuri kabisa, jibu ndilo lililopotea, na wewe uliyetuma huwezi kutofautisha. Ni kama kutuma hela kwa simu halafu ujumbe wa uthibitisho usirudi: utatuma tena? Programu yangu ilisubiri sekunde 3, ikatuma tena. Kumbe ombi la kwanza lilishafika. Mtoto akapata 20.

Dawa ya kwanza ni kubadilisha fanksheni: badala ya "ongeza 10", sema "weka 10 kwa swali la 4". Hata ikiitwa mara tano, matokeo ni yale yale. Kama haiwezekani, kila ombi lipewe namba yake. Anayepokea azihifadhi kwenye diski (si kwenye kumbukumbu tu, umeme ukikatika zinapotea) na akiiona namba ya zamani arudishe jibu la zamani bila kurudia kazi.

Mitandao mikubwa ina tatizo jingine: utamjuaje wa kumwita? Kademlia ya Maymounkov na Mazières, ya mwaka 2002, humpa kila mmoja kitambulisho cha biti 160, na kila unayemuuliza anakuelekeza kwa walio karibu zaidi na unachotafuta. Miito yake ni minne tu: upo?, hifadhi, tafuta mashine, tafuta data. Ukiirudia haiharibu kitu. Kwa laptopu 6, orodha ya kawaida ilinitosha.

Nilimweleza yule mtoto kwa nini narudisha alama 10. Akanuna kidogo, kisha akauliza, "Mwalimu, na kama lile la kwanza kweli lilipotea?"

Basi namba yake haitakuwepo kwenye diski, nikamwambia, na ombi la pili litafanyiwa kazi kama la kwanza.