Jinsi ya Kukagua DVD ya Katuni ya Vichekesho Kabla Hujalipa

Katuni ya vichekesho huchekesha kwa mchoro. Nyusi ikipanda, jicho likitoka, mguu ukikawia hewani kabla ya mtu kuanguka, hapo ndipo watu wanapoangua kicheko. Kwa hiyo diski yenye picha mbovu inakula mzaha wenyewe, na mtoto aliyekaa mbele ya TV hajui kwamba amepunjwa. Hapa Garissa, bando za intaneti za kutazama vipindi kila jioni zingenimaliza, kwa hiyo kwangu deki ya DVD bado inafanya kazi. Nimenunua diski, nimeazima na nimeletewa za kutoka majuu. Haya ndiyo ninayoyakagua.

1. Uliza diski imetoka wapi

Familia nyingi za Kaskazini Mashariki zina ndugu London au Minneapolis, na mgeni akija likizo, DVD ni zawadi isiyolemea begi. Kabla hajanunua, mwambie atazame nyuma ya kasha, penye alama ndogo ya dunia yenye nambari. Kenya iko eneo la 5, Uingereza la 2, Marekani la 1. Deki iliyofungwa kwa eneo la 5 itaikataa diski ya eneo jingine hata kama ni halali na mpya kabisa.

Jambo hili linaniuma zaidi nikifikiria Tinga Tinga Tales. Katuni hiyo ilichorwa Nairobi, katika studio ya Homeboyz, kwa ushirikiano na kampuni ya Tiger Aspect ya Uingereza. Ilianza kuonyeshwa kwenye chaneli ya watoto ya CBeebies mwaka 2010, na mwanamuziki Eric Wainaina ana mkono katika muziki wake. Lakini ukiletewa DVD yake ya Uingereza, hadithi iliyochorwa Nairobi inaweza kugoma kufunguka Garissa. Dawa ni kununua deki inayosoma maeneo yote. Nenda dukani na diski ya ng'ambo, uijaribu hapo hapo.

Diski za Marekani zina jambo la pili. DVD za kwetu ni za mfumo wa PAL, wenye mistari 576 na picha 25 kwa sekunde. Za Marekani ni za mfumo wa NTSC, wenye mistari 480 na karibu picha 30. TV bapa za sasa hupokea mifumo yote miwili. TV ya zamani ya kichogo inaweza kutoa picha isiyo na rangi au inayopanda na kushuka.

2. Tazama vichwa na magurudumu

Tafuta kitu cha duara: gurudumu, mpira, jicho. Kikiwa kimelala kama yai, picha imevutwa ili ijaze TV pana. Vichwa vya watu vikikatwa juu, picha imekuzwa na kingo zake zimetupwa.

The Simpsons ndiyo mfano mzuri. Misimu yake ya mwanzo ilichorwa kwa umbo la 4 kwa 3, na DVD zake zilihifadhi umbo hilo. Huduma ya mtandaoni ya Disney+ ilipoanza Novemba 2019, vipindi hivyo vilikatwa juu na chini ili vienee kwenye TV pana. Kuna mzaha wa kiwandani ambapo vinywaji vitatu vya majina tofauti vinatoka bomba moja. Bomba lenyewe lilikatwa, mzaha ukafa. Mashabiki walilalamika, na Mei 2020 umbo la asili likarudishwa kama chaguo. Mistari myeusi pembeni mwa picha haijakudhulumu kitu, iache. Ukibonyeza rimoti ili kuiondoa, unamkata mchoraji.

3. Gawanya nafasi kwa saa

Diski ya kawaida ya tabaka moja hubeba GB 4.7. Ukiweka saa mbili za katuni, kila sekunde inapata takriban megabiti 5, na picha inakaa safi. Ukibana saa kumi humo humo, kila sekunde inabaki na megabiti 1 tu. Kasha likijisifu kwamba lina msimu mzima na filamu nne juu yake, ujue picha imebanwa. Nyingi za diski hizo ni nakala zisizo na idhini, na aliyechora hapati hata shilingi.

Ubovu huu unaonekana haraka kwenye Tinga Tinga Tales, kwa sababu michoro yake inafuata mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, Mtanzania aliyefariki mwaka 1972: mgongo wa mnyama umejaa nukta na alama ndogo ndogo. Kwenye nakala mbovu, mnyama akikimbia, nukta zinayeyuka na kuwa viboksi. Kwenye nakala nzuri, unaziona moja moja.

4. Jaribu mwisho wa diski

Muuzaji atakuonyesha dakika ya kwanza. Mwombe aruke hadi kipindi cha mwisho. DVD husomwa kutoka ndani kwenda nje, na ukingo wa nje ndiko kwenye alama za vidole na mikwaruzo. Sikiliza pia kama sauti inaenda sambamba na picha. Hili ni muhimu sana kwa katuni ya Mr. Bean iliyoanza mwaka 2002, nayo ya Tiger Aspect, kwa kuwa maneno yake ni machache mno. Nyumbani kwetu bibi asiyejua Kiingereza anaicheka sawa na wajukuu, lakini kishindo kikichelewa baada ya mtu kuanguka, hacheki mtu.

5. Itunze dhidi ya jua na vumbi

Usiiache diski kwenye gari lililoegeshwa juani wala juu ya deki yenye moto. Pangusa kwa kitambaa laini kikavu kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe usizungushe.

Kwa watayarishaji wa katuni zetu nina ombi moja: mkitoa DVD, itoeni bila kufungwa kwa eneo, na wekeni vipindi vichache vyenye picha safi. Na wewe msomaji, usilipe kabla hujaona kipindi cha mwisho kikicheza mbele ya macho yako.