SOMO: TUMFUNDISHE MTOTO NAMNA YA KUKATAA

Masomo ya kusoma: Danieli 1:8-16, Mithali 22:6



Tangu Kalundu mpaka Kavimvira, hakuna mzazi asiyejua kwamba pombe kali na bangi viko karibu na watoto wetu. Lutuku inauzwa kwa kikombe kidogo, sigara inauzwa moja moja. Mara nyingi mara ya kwanza mtoto hatoi hata franga moja, maana anayempa ni rafiki yake wa masomo.

Kanisani tunakataza, na ni vema. Lakini tujiulize: magharibi, pembeni ya ziwa, wenzake wanne wakimcheka na kumwita mwoga, mtoto atajibu namna gani? Sheria anaijua. Maneno ya kujibu hana.

1. Danieli alifanya nini?

Danieli alikuwa kijana, mbali na wazazi, mbele ya divai ya mfalme. Tuangalie mambo manne. Kwanza, aliamua moyoni mbele ya kusema neno lolote. Pili, hakutukana mtu; aliomba kwa heshima. Tatu, mkubwa alipoogopa, Danieli alitafuta njia nyingine: wajaribiwe siku 10. Nne, hakuwa peke yake. Alikuwa na Hanania, Mishaeli na Azaria. Kuamua, kusema vizuri, kutafuta njia, kuchagua marafiki: mambo haya yanafundishwa.

2. Shule inaweza kusaidia

Mwaka wa 1993 Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) liliandikia shule mafundisho juu ya mambo 10 ya namna hii. Kati yake ni kuamua, kujijua, kuongea na wengine, na kutawala hasira na huzuni. Majirani wetu wa Tanzania na Kenya wanayaita stadi za maisha. Kwetu Kongo tunalo somo la "éducation à la vie".

Huko Marekani, mwalimu Gilbert Botvin alianza mwaka wa 1985 kujaribu mafundisho hayo katika shule 56 za New York. Wanafunzi hawakusikiliza maonyo tu. Walizoezwa: mmoja anashawishi, mwingine anakataa, mwalimu anasahihisha. Walifundishwa miaka 3. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 1995: waliofundishwa vizuri walivuta na kulewa kidogo kuliko wengine, hata walipofika mwisho wa sekondari. Basi hubiri moja kwa mwaka halitoshi.

3. Kukataza peke yake hakumalizi kazi

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania ilikataza pombe ya viroba tangu tarehe 1 Machi 2017. Ni sheria nzuri, lakini chupa zilibaki. Kinshasa, mwaka wa 2021, ilisikika dawa mpya yenye jina la bombe, unga unaochanganywa na vitu vya kutoka bomba la moshi la magari. Tukimfundisha mtoto kuogopa jina moja, kesho litakuja jingine. Anayejua kukataa atakataa hata kitu asichokijua jina.

4. Kazi yetu

Wazazi, jioni baada ya chakula, mwulize mtoto: "Wakikupa, utasema nini?" Mwache ajibu kwa maneno yake. Akisema vibaya, ajaribu tena. Katika mikutano ya wazazi, tuulize shule kama somo lile linafundishwa kweli, au linaandikwa kwenye karatasi tu.

Na yule aliyekwisha kuanza? Tusimfukuze nyumbani. Mtoto aliyefukuzwa anapokelewa na nani, kama si wale wale waliompa? Tumkemee, tumwombee, tumpeleke kwa mganga wa hospitali, na tumtafutie Hanania wake.

Maulizo ya kujibu katika vikundi:
1. Kwa nini Danieli aliamua mbele ya kuletewa chakula?
2. Mtoto wako ana marafiki gani? Taja majina yao.
3. Je, mtoto wako akikosea, ataogopa kukuambia? Kwa nini?

Bwana atulindie watoto wetu. Amina.