Dondoo muhimu: Lengo lisikae kichwani tu

Uwe unataka karo, ng'ombe wa maziwa au ploti hapa Rongai, liandike lengo lako pamoja na bei yake na mwezi wa kulifikia. Pesa ya mahindi ikiingia, toa ya lengo siku hiyo hiyo, uipeleke sako au kwa chama. Ikilala kwenye simu, itaisha hamsini hamsini.

Weka daftari. Andika mbolea, vibarua, hata nauli ya kwenda Nakuru mjini, na uandike jioni kabla hujasahau.

Usingoje mpaka kila kitu kikamilike. Peter Tabichi, akiwa mwalimu wa shule ya sekondari ya Keriko kule Njoro, alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019, na shule yake ilikuwa na kompyuta moja tu na intaneti ya kusuasua. Alikuza kilabu cha sayansi, na mwanafunzi akielekea kuacha shule, alimfuata hadi nyumbani. Huo ufuatiliaji ndio ninaouthamini kuliko kipaji chochote.

Mwisho, tafuta mtu wa kukuuliza kila mwezi umefika wapi. Asiwe yule anayekusifu tu.