Nywele Zikianguka kwa Dawa ya Saratani: Bima Inalipa Nini?

Wiki mbili au tatu baada ya kupata dawa ya kwanza ya saratani, mgonjwa huamka asubuhi na kukuta nywele kwenye mto. Akijishika kichwa, zinatoka na mkono. Sisi majirani tukiona hivyo tunaanza kunong'ona kwamba ugonjwa umemshinda. Wengine wanataja uchawi. Tuanze somo letu hapo, kwa sababu wako kina mama wanaoacha matibabu katikati, si kwa kukosa dawa bali kwa kuogopa kuonekana na kipara.

Kinachoangusha nywele ni dawa, si saratani. Dawa za kemo hushambulia chembe za mwili zinazozaana haraka. Chembe za saratani huzaana haraka, na zile za mashina ya nywele vilevile, basi zote zinapigwa pamoja. Si kila dawa ya kemo inafanya hivyo, na daktari akiulizwa mapema atasema. Mionzi nayo huondoa nywele pale tu inapoelekezwa: anayetibiwa titi kwa mionzi peke yake hapotezi nywele za kichwani. Kemo ikiisha, kwa kawaida nywele huanza kurudi katika miezi michache, pengine laini kuliko zile za kwanza. Elezeni haya kikundini kabla mtu hajaugua.

Sasa tuje kwa pesa. Tangu Oktoba 2024, NHIF ilipoondolewa, bima ya serikali iko chini ya SHA. Asiye na mshahara hulipa kulingana na hali ya nyumba yake, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mpango ulipoanza, familia yenye mgonjwa wa saratani ilitengewa shilingi 400,000 kwa mwaka, na hizo zikiisha, 150,000 zaidi kutoka kwa mfuko wa magonjwa ya dharura na ya kudumu. Viwango hivi hubadilishwa na serikali, kwa hivyo ulizeni ofisi ya bima hospitalini kabla ya matibabu kuanza. Pesa hizo zimewekewa matibabu yenyewe, kama kemo, mionzi na vipimo. Wigi haikutajwa. Nauli pia ni yako.

Je, nchi tajiri zinafanyaje? Marekani, Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, kwa kawaida hailipi wigi. Lakini baadhi ya kampuni za bima huko hulipa, ikiwa daktari ameandika kwenye cheti kwamba mgonjwa anahitaji "kiungo bandia cha kichwa" kwa sababu ya matibabu. Ukiandika wigi tu, wanaona ni urembo. Jimbo la Massachusetts lina sheria inayolazimisha bima za afya zinazolipia viungo vingine vya bandia zilipe hata dola 350 kwa mwaka kwa nywele za bandia za mgonjwa wa saratani. Mnaona jinsi neno moja la daktari linavyoweza kuwa na uzito. Kwa hivyo mwanachama aliye na bima ya kazini, mwalimu kwa mfano, aombe barua ya daktari, aiulize bima yake kabla ya kununua, na atake jibu kwa maandishi. Wakikataa, hajapoteza kitu.

Wengi wetu hatuna bima hiyo, kwa hivyo kazi inarudi kwa kikundi. Hatusemi kila mgonjwa lazima avae wigi. Leso ya pamba iliyofungwa vizuri ni nyepesi, haikwaruzi ngozi na inazuia jua. Wengine hunyoa mapema ili wasione nywele zikitoka kidogo kidogo, na uamuzi huo ni wa mgonjwa. Anayetaka wigi apewe, hata kama mwekahazina anaona ni anasa. Ile ya nyuzi za plastiki ni ya bei nafuu na hufuliwa kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, lakini asikaribie nayo moto. Anayepikia kuni aivue na kufunga kitambaa, maana mvuke wa sufuria peke yake unaweza kuikunja, na moto utaiyeyusha kichwani. Ndani avae kofia nyepesi ya pamba.

Nywele zikirudi, wigi inaweza kufuliwa na kuwekwa kwa katibu imsubiri mwingine. Isipitishwe kichwa hadi kichwa bila kufuliwa, kwa sababu kemo hupunguza nguvu ya mwili kupigana na vijidudu.

Mkikutana, jadilianeni: mfuko wenu wa dharura unalipia nini mwanachama akiwa bado hai, na nini akishakufa? Mgonjwa wa kemo anayekosa mikutano anatozwa faini? Nani atamtembelea wiki ile nywele zinapoanza kutoka, na atamwambia nini?